Mwiko wa Inchi Kumi na Tisa

Haya hayakutokea enzi zile wanyama wakisema. Yalitokea juzi tu, mahindi mabichi yakiwa bado sokoni, na wanyama walikaa kimya kama kawaida yao. Waliosema ni mawaziri.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Kuitaja kunahitaji kibali, dirisha la vibali hufunguliwa Jumatano, na Jumatano mimi nafua.

Mimi ni somo. Kazi yangu ni kukaa na bibi harusi siku chache kabla ya ndoa na kumwambia yale ambayo mama yake anaona haya kuyasema na rafiki zake wanayasema uongo. Nina miaka sabini na minne. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa habari za miko niulizeni mimi.

Neno hili mwiko nitalitumia sana, kwa hiyo tuelewane mapema. Mwiko ni ule wa kusongea ugali. Mwiko pia ni jambo lisilotajwa. Basi vilipoanza kuingia nchini vile vyombo laini vya mpira ambavyo mtu mzima hujifariji navyo chumbani mwake, mlango ukiwa umefungwa, sisi wanawake hatukuhangaika kutafuta jina. Tukaviita miko. Ukimwambia jirani "nimepata mwiko mpya" mbele ya baba mkwe, mzee wa watu anakuombea dua ugali usiungue.

*

Siwema alikuja kwangu Jumatatu asubuhi, akakaa mkekani bila hata kuniamkia vizuri. Huyu hakuwa msichana. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mshona mapazia, mjane wa miaka tisa, na mwanamke wa kucheka mpaka ashike ukuta. Siku hiyo aliingia bila kucheka.

"Somo, nisaidie kurudisha posa."

"Ya Fundi Kombo?"

"Ya Fundi Kombo."

Fundi Kombo ni mchonga miko, ile ya jikoni. Mtu mpole sana. Akipita penye mgonjwa hushuka baiskeli akaikokota, mnyororo usije ukapiga kelele.

"Ana mke mwingine?" nikamuuliza.

"Hana."

"Ananuka kwapa?"

"Ananuka mninga, na mninga naupenda."

"Sasa kasoro yake nini?"

"Kasoro ni yangu, Somo." Akavuta kanga mpaka puani. "Tangu ile operesheni, na huu umri, huku kumekaza. Kumekauka kama kibao cha mbuzi. Daktari alinipima kwa kile chuma chake nikapiga ukelele, mgonjwa wa kitanda cha pili akapona hapo hapo akaenda kwao. Nitamwambia nini mwanamume wa watu siku ya harusi? Apige hodi mpaka achoke?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akalia. Nikamwacha alie. Kilio cha mtu mzima ukikikatiza hurudi kesho kikiwa na ndugu zake.

Aliponyamaza nikamuuliza, "Unataka mwenyewe, au unamtakia yeye?"

Akashusha kanga. "Nataka mwenyewe. Miaka tisa, Somo. Nataka nicheke tena chumbani."

Hilo ndilo nililotaka kulisikia. Harusi ilikuwa bado wiki tano. Nikamshika mkono nikampeleka zahanati kwa muuguzi Tabu, ambaye ana tabia nzuri moja: mgonjwa akianza kuona haya, yeye huanza kutafuta kalamu, na huitafuta mpaka haya zimeisha.

Siku hiyo kalamu ilipotea muda mrefu. Ilipopatikana Tabu akasema, "Dada Siwema, tatizo lako ni la wengi, ila kila mmoja anafikiri ni lake peke yake. Katafute seti ya miko minne. Wa kwanza ni mdogo kama kidole cha mwisho. Wa nne ni wa kawaida ya binadamu. Anza na huo mdogo, mafuta mengi, pumua. Ukiumia, acha, kanywe chai, ujaribu kesho. Ukiuona mwepesi, ndipo upande. Mwili si mlango wa ofisi, haufunguki kwa kugongwa."

Tulitoka tukiwa tumejaa matumaini. Bahati mbaya, wiki ile ile serikali nayo ilikuwa imeanza kujishughulisha na miko.

*

Chai ya Baraza la Mawaziri humiminwa na binamu yangu. Kiapo cha kazi kinamtaka asisikie chochote, na haya ndiyo ambayo hakuyasikia.

Bandarini kulikuwa na kontena la miko ya mpira. Maboksi yake yalikuwa ya saizi nne, lakini fomu ya forodha ina kisanduku kimoja tu cha saizi. Nchi nyingine zingebadilisha fomu. Sisi fomu zetu zimerithiwa, na urithi hauguswi. Basi ikaamuliwa saizi ziwe moja.

Mtukufu Rais hakuwepo. Alikuwa safarini, anafungua daraja la watu wengine. Kiti kilikaliwa na Waziri wa Biashara, Mheshimiwa Daktari Ngwilizi. Udaktari wake ni wa heshima. Chuo kilichompa kilifungwa wiki iliyofuata, kwa furaha.

"Waheshimiwa," alisema, "tunatafuta Kipimo cha Taifa. Nani atapendekeza?"

Waziri wa Kilimo, mtu wa kweli na wa shamba, akasema, "Mimi naona inchi tano zinatosha."

Vijiko vya chai vikasimama ndani ya vikombe. Mawaziri wote wakamtazama kwa huruma, wengine wakamtazama kidogo chini ya meza.

"Nilimaanisha tano za unene," akasema haraka.

"Aa!" wakasema wote.

Kuanzia hapo, binamu yangu anasema, hakuna aliyerudi nyuma. Waziri wa Ulinzi akasema kumi na moja, kwa sababu za kiusalama ambazo hawezi kuzitoa. Waziri wa Ujenzi akasema kumi na nne, ila ziwe na nguzo. Waziri wa Maadili akasimama akafumba macho. "Kwa malezi yangu," akasema, "vitu hivi sivijui, sijaviona, na sitaki kuviona. Kumi na sita."

"Taifa kubwa," akahitimisha Mheshimiwa Ngwilizi, akigonga meza, "halijifariji kwa vitu vidogo! Naweka kumi na nane, na ninaongeza moja kwa heshima ya Mtukufu Rais."

Walipiga makofi kwa muda mrefu, maana hakuna aliyetaka kuonekana ameacha kwanza.

Waziri wa Wanawake angeweza kusema neno. Yeye alikuwa ametumwa kuiwakilisha nchi kwenye mkutano wa dagaa.

*

Sasa tatizo likawa kuiandika sheria yenyewe. Karani wa Gazeti la Serikali ni mtu wa dini na ana mama mkwe anayesoma kila toleo. Chombo chenyewe hakuweza kukitaja. Akaenda kumuuliza mkewe, mkewe akamwambia, "Sisi huita mwiko." Karani akashukuru, akaandika:

"Mwiko wowote unaotumiwa na mtu mzima nyumbani kwake utakuwa na urefu usiopungua inchi kumi na tisa, na unene usiopungua wa chupa ya chai ya lita moja. Atakayekutwa na mwiko pungufu atahesabiwa kuwa ameipunguza nchi."

Sheria ikapita. Mimi na Siwema hatukuwa na habari. Tulivaa mabuibui yetu tukaenda kwa Bwana Sudi, ambaye duka lake la faraja za watu wazima liko kati ya muuza mbolea na fundi simu. Bwana Sudi ana adabu: huwahudumia wateja akiwa amewageuzia mgongo, anatazama ukuta, unamwambia namba naye anapitisha boksi chini ya kwapa. Miaka kumi na mbili anauza na hajui sura ya mteja hata mmoja.

Kilichotupokea mlangoni ni kitu kimesimama kwenye kona, kirefu, kinene, cheusi ti, kimevishwa utepe wa rangi za bendera.

"Huyu mlinzi mpya?" akauliza Siwema.

"Hapana, dada," Bwana Sudi akauambia ukuta. "Hicho ndicho Kipimo cha Taifa. Ndiyo saizi pekee ninayoruhusiwa."

Siwema alikizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kinafanya nini?"

"Kinasimama. Zaidi ya hapo sisi hatujaelekezwa."

"Kuna mtu amekinunua?"

"Mmoja. Mlango wake ulikuwa unagongwa na upepo."

Nilimuuliza habari za seti ya miko minne. Mgongo wake ukainama. "Bi mkubwa, nisameheni. Muuguzi Tabu alinipigia, nikaiweka kando, nikaandika kabisa 'Siwema' juu ya boksi isije ikauzwa. Ofisi ya Vipimo ilikuja jana ikabeba kila kitu. Iko ghalani kwao, kama ushahidi."

"Na jina langu juu yake?" Siwema akauliza.

"Kwa herufi kubwa," alisema Bwana Sudi, na nilisikia kutoka mgongoni mwake kwamba alikuwa karibu kulia.

*

Mkaguzi Mkuu wa Vipimo aliitwa Shomvi. Alikuwa na rula ya chuma aliyoichomeka kiunoni kama jambia, na alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Maandishi yalisema mwiko. Basi, baada ya maduka, akaingia majikoni.

Kwangu alifika saa sita mchana, mimi nikiwa nasonga.

"Bibi, shikamoo. Naomba mwiko."

"Marahaba, mwanangu. Huu hapa, una moto."

Akaupima. "Inchi kumi na mbili. Umepungukiwa saba."

"Na sufuria yangu ina inchi tisa kwa upana. Hizo kumi na tisa nitazipitishia wapi?"

"Sufuria haimo kwenye sheria, bibi."

Nitamsifu kwa jambo moja. Aliona ugali unataka kuungua na mimi sina kitu mkononi. Akavua viatu, akakunja mikono ya shati, akaumalizia kuusonga mwenyewe mpaka ukaiva, akauosha mwiko, akaupangusa, ndipo akauweka kwenye gunia la ushahidi. Alinipa na risiti.

Kwa Fundi Kombo mambo hayakuisha kwa risiti. Pale karakanani palikuwa na miko sitini na tatu, yote ya futi moja. Shomvi alipima wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaketi chini.

"Fundi, hiki ni kiwanda cha kuipunguza nchi!"

"Mkubwa, hii ni ya ugali."

"Kila mmoja husema hivyo."

Wakamfunga pingu. Aliomba kwanza afunike ule mwiko aliokuwa hajaumaliza, mti usije ukapasuka kwa jua. Wakamruhusu. Nchi yetu ina ubinadamu wake.

Nilimpelekea uji mahabusu, nikamnywesha kwa kikombe maana vijiko navyo vilikuwa vimeanza kutiliwa shaka. Siwema hakuja, aliona kama posa imejivunja yenyewe, na jina lake liko ghalani kwa herufi kubwa. Sikumwambia Kombo siri ya mtu. Nilisema tu, "Mchumba wako ana wasiwasi, na wiki tano anaziona chache."

Akatazama mikono yake. "Bi mkubwa, mimi nimekaa bila mke miaka kumi na moja, sijafa. Mwambie Siwema sina haraka. Hata tukikaa tunapiga soga tu mpaka meno yaishe, mimi nitakuwa nimepata zaidi ya nilichoomba. Siku ataichagua yeye."

Neno hilo nililibeba kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi. Siwema alilisikia akiwa kwenye cherehani. Akaacha kukanyaga pedali.

"Alisema hivyo? Sina haraka?"

"Hivyo hivyo."

"Somo," akasema, akijipangusa macho kwa pazia la mteja, "huyu mtu simwachii mtu. Twende tukaidai miko yangu."

*

Ofisi ya Vipimo ina fomu ya shida kama hii, inaitwa Maombi ya Kupungukiwa. Inauliza kwa nini mwombaji anataka kidogo, na imeacha nafasi ya neno moja. Siwema aliandika "starehe". Karani wa ofisi hiyo akairudisha: starehe si sababu, akataka tuandike "ugonjwa" au "usaliti", yote mawili yanapokelewa. Siwema akaandika tena "starehe", kwa kukandamiza. Karani akaipiga muhuri wa IMEKATALIWA, kisha akainama dirishani akasema taratibu, "Dada, ukishinda, uje uniambie ulivyofanya." Nikaona kwamba hata muhuri una mkono wa mtu nyuma yake.

Tulikuwa tumekata tamaa. Kilichotuokoa ni ugali.

Mtukufu Rais alirudi safarini akamwalika mfalme wa nchi jirani. Mpishi wa Ikulu, naye mtu mzima na Ikulu ni nyumbani kwake, alikuwa amenyang'anywa miko yake na kupewa ya Kipimo cha Taifa. Ni ya mpira. Wapishi wawili waliushika mmoja, wa tatu alishika sufuria, wa nne alimshika wa tatu. Ulipoingia kwenye maji ya moto ukalainika ukapinda, ukawatazama. Unga ukaruka mpaka darini.

Mfalme alimega tonge. Ndani mlikuwa na donge la unga mkavu lenye ukubwa wa yai. Likampasukia mdomoni, akakohoa moshi mweupe, na walinzi wake wakalala chini wakidhani ni bomu.

"Nani," akauliza Mtukufu Rais kwa sauti ndogo, "ameamua mwiko uwe hivi?"

Mawaziri kumi na tisa wakatazama viatu vyao. Kumwambia Rais kwamba sheria haikuwa ya miko ya ugali kungemfanya aulize ilikuwa ya miko gani. Na hapo pangekuwa na Mama Rais, na mfalme, na watumishi.

"Ilikuwa utafiti, Mtukufu," akasema Mheshimiwa Ngwilizi.

"Basi niitieni Tume. Na mniletee mtaalamu wa miko. Wa kweli."

Barua ililetwa kwangu na polisi wawili. Ilisema: "Wewe, ambaye wananchi wote waliohojiwa wamekutaja kuwa unajua sana mambo ya miko, unaitwa mbele ya Tume Jumatano saa tatu." Nikaahirisha kufua.

*

Ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa mbele kwa vyeo vyao, wanawake walijaa nyuma kwa wingi wao. Siwema alikuwa safu ya mwisho. Fundi Kombo alikuwa kizimbani, na pingu zake. Mtukufu Rais alikaa katikati, Mama Rais kushoto kwake, na Mheshimiwa Ngwilizi kulia, anatoka jasho kama mtungi.

Niliapishwa kusema kweli tupu. Na mimi, nikishaapa, najibu ninachojua. Barua ilisema miko. Miko niliyobobea mimi mnaijua. Nilijibu hiyo.

"Bibi," akaanza Mtukufu Rais, kwa upole wa mtu mwenye njaa, "mwiko mzuri ni upi?"

"Usiokwaruza, Mtukufu. Uwe laini pande zote. Uingie bila kulazimishwa."

Nyuma nikasikia kanga ya kwanza ikiingizwa mdomoni.

"Urefu wake?"

"Inategemea sufuria, Mtukufu. Hakuna sufuria mbili sawa. Kuna ya mtu aliyezoea, kuna iliyokaa miaka tisa kabatini."

"Hiyo iliyokaa kabatini inafanywaje?"

"Kwa heshima. Unaanza na mwiko mdogo kabisa. Moto wa wastani, maji ya kutosha. Penye ukavu hapasukumwi. Unaongeza mafuta, unasubiri. Sufuria ikilia, unaacha."

"Naona," alisema Rais, akiandika. "Daktari Ngwilizi, wewe unaona?"

"Naona, Mtukufu," alisema Mheshimiwa Ngwilizi kwa sauti ya mtu aliyemeza inzi.

"Lakini Daktari alinieleza kwamba mkubwa ndio bora."

Nilimhurumia yule baba, lakini nilikuwa nimeapa. "Mtukufu, katika miaka yangu yote nimewasikia wanaume wengi wakisifia ukubwa wa mwiko. Sijamsikia mpishi hata mmoja."

Hapo ukumbi ulipasuka. Wanawake walianguka juu ya wanawake. Mmoja alitolewa nje akiwa amebebwa, anapunga mkono arudishwe. Mama Rais alikuwa ameficha uso nyuma ya upepeo wake, mabega yanacheza, machozi yanatiririka. Rais alitazama kushoto na kulia, akacheka kidogo ili asiachwe.

"Hebu niambie la mwisho," akasema ukumbi ulipotulia. "Kama si serikali, nani aamue ukubwa wa mwiko?"

Nikatazama nyuma kabisa, nikamwona Siwema amesimama. Sijui alipata wapi ujasiri. Alijibu yeye, kabla yangu:

"Mwenye sufuria, Mtukufu!"

Mama Rais alishusha upepeo. "Baba," akasema, "andika hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Naye akaandika.

*

Sheria mpya ndiyo fupi kuliko zote katika nchi yetu: "Ukubwa wa mwiko ataamua mwenye sufuria." Bunge lilitaka kuunda kamati ya kumtafuta mwenye sufuria ni nani, Mama Rais akapeleka ujumbe kwamba atakuja kuwaeleza mwenyewe. Kamati ikajiuzulu kabla ya kuundwa.

Fundi Kombo alifunguliwa pingu. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama ule mwiko aliouacha umepasuka. Haukupasuka, jirani alikuwa akiuloweshea kitambaa kila asubuhi. Siwema alikuwa akimngoja nje. Sikusikia waliyosemezana, nilikuwa nimesimama mbali kwa makusudi. Niliona tu kwamba waliikokota baiskeli njia nzima, na hakukuwa na mgonjwa popote.

Siku ya kurudishiwa mali, foleni ya ghala ilizunguka soko. Shomvi alikaa mezani na daftari.

"Wako upi, mama?"

"Wa mti, mpini umeungua kidogo."

"Wako?"

"Ule wenye alama ya jino la mbwa."

Ikafika zamu ya Siwema. Mwezi mmoja nyuma angekimbia. Safari hii aliweka mkono kiunoni. "Wangu ni boksi. Lina jina langu kwa herufi kubwa. Mdogo kabisa, na ndugu zake watatu."

Foleni ikaanza kupiga vigelegele. Shomvi alilileta boksi mwenyewe. Akalifunga vizuri kwa Gazeti la Serikali, lile lile toleo la inchi kumi na tisa, akakaza na uzi. Alipomkabidhi akanivuta mimi pembeni. Rula haikuwepo kiunoni.

"Bibi," akasema, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Ile siku kwenye Tume. Nilielewa katikati. Mke wangu… tangu tupate mtoto wa mwisho, hulia. Husema ni mafua. Mimi nikaamini mafua, miaka mitatu. Kuna pa kwenda?"

Nikamwandikia jina la muuguzi Tabu nyuma ya ile risiti ya mwiko wangu. Nikamwambia, "Mwende wote wawili. Na akianza kutafuta kalamu, msimsaidie."

*

Wiki ya tano ikapita, harusi haikufanyika. Majirani walisema wanavyosema. Fundi Kombo alipoulizwa alijibu kwamba anasubiri mti ukauke, na mti hauharakishwi. Kila jioni alipeleka kwa Siwema mahindi ya kuchoma, wakala barazani, akarudi kwake. Nami Siwema alinipa habari zake kidogo kidogo, kwa mafumbo, maana kuta zetu ni za mabati. "Somo, leo nimekunywa chai," maana yake ilimshinda. "Somo, leo chai sikuinywa."

Jumapili moja ya wiki ya tisa nilisikia kicheko tangu njiani. Aliingia ameshika ukuta.

"Waambie wapike pilau," akasema. "Ijumaa."

"Alhamdulillahi! Umefika wa nne?"

"Wa nne? Wa nini?" Akaketi mkekani, akanyoosha miguu. "Nimeishia wa pili, Somo. Wa tatu nimeujaribu, nikauambia samahani, nikaurudisha kwenye boksi. Wa pili ndio wangu. Na Kombo nimemweleza yote, kwa mdomo wangu, juzi, tukila mahindi."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama naumia. Nikasema siumii. Akaniuliza kama nafurahi. Nikasema ndiyo. Akasema basi vipimo vimeisha."

Serikali ilituma zawadi ya harusi, maana ghala lilikuwa limejaa na kila harusi ilipelekewa. Vitu elfu arobaini vya Kipimo cha Taifa vilikwisha tengenezwa, na sera yetu ni kutotupa. Watu wamevipatia matumizi. Ukipita mashambani kwetu sasa utaviona, vyeusi, vinene, na utepe wa bendera, vimeegemezwa kwenye migomba iliyoelemewa na mikungu. Mvua za mwaka huu zilikuwa na upepo mkali, na hakuna mgomba ulioanguka. Waziri wa Kilimo amepewa nishani.

Hicho cha Siwema kimekaa uani kwake, amefungia kamba ya nguo. Asubuhi ya Jumamosi, siku ya pili ya harusi, nilipita kumjulia hali kama ada ya somo inavyotaka. Sikupiga hodi. Nilikuta shuka zimekwisha anikwa, na ndani wawili wanacheka, mmoja akimwambia mwenzake uji umeungua, na mwenzake akimwambia nauungue.

Nikageuka taratibu nikarudi zangu, nimeinua kandambili mkononi, zisije zikapiga kelele.